Nilivyomnyima daktari daftari mpaka akamwangalia mume wangu

Wakuu, habari za huko mliko. Huku ufukweni mwa ziwa Mweru tunapumua.

Nawaletea kisa changu mwenyewe, na siwezi kutia chumvi hata nikitaka, maana mume wangu amekaa hapa pembeni anasoma kila ninachoandika.

Mimi ni Mkongomani, naishi Mantapala, kambi ya wakimbizi. Kazi yangu ni dagaa, wenyewe huku wanaita chisense. Nanunua kule Kabuta, napakia kwenye baiskeli, nauza kambini. Sokoni mdomo wangu unajulikana, waulizeni.

Sasa nipeleke kliniki uone. Nakuwa mpole, nakunja mikono, chochote nitakachoambiwa naitikia "eya mukwai", yaani ndiyo mheshimiwa. Hata nikiambiwa nina mimba ya ng'ombe.

Basi siku moja Baba Furaha, ndiye mume wangu, alikuwa anatoa kambale kwenye wavu. Mwiba ukamchoma kiganja cha kushoto. Akauvuta, akautupa, akasema yameisha.

Siku ya tatu homa. Tukaenda kliniki, jina sitaji.

Kwa wasiojua, huku mgonjwa anakwenda na daftari lake la shule. Kila kitu kinaandikwa humo. Huna daftari, huna ugonjwa.

Daktari akanyoosha mkono, akapewa daftari, akainama kuandika. Akauliza, "Muli shani?" yaani hamjambo.

Mume wangu, meno yanagongana kwa baridi, akajibu, "Bwino, mukwai." Mzima kabisa!

Ndivyo alivyolelewa. Ukisalimiwa unajibu vizuri, shida utaisema baadaye. Kumbe kwa huyu bwana hiyo baadaye haikuwepo. Alishaandika malaria, hakuna kipimo, next.

Na ule mkono? Ulikuwa umefichwa ndani ya koti. Eti si adabu kumwonyesha mtu mkubwa kidonda kinachonuka. Wanaume jamani.

Tulirudi baada ya siku tatu, mkono umevimba. Daktari yuleyule, ameinama vilevile. Mpaka hapo nilikuwa nakijua kipara chake kuliko sura yake.

Nikajikaza, "Docta, iko na mukono..."

"Mama, ninaandika."

"Eya mukwai."

Mnacheka? Chekeni tu, lakini niwaambie ukweli. Ukishakuwa mkimbizi, mtu mwenye kalamu unamwogopa. Kalamu ndiyo ilituandika mpakani, ndiyo iliyotupa shamba. Unajifunza kutobishana naye. Sijivunii, ila ndivyo ilivyo.

Akaandika malaria tena. Nilipotoka nje ndipo sauti ikarudi. Nikamfokea mume wangu njia nzima, maskini, mgonjwa wa watu anatembea na homa yake.

Asubuhi ya siku ya nane kulikuwa na mstari mwekundu kutoka kiganjani mpaka kwenye kiwiko. Alijaribu kushika sindano ya kushonea nyavu, ikaanguka. Akajaribu tena, ikaanguka.

Akaniangalia, "Mama Furaha, mukono hii ikikufa, batoto batakula nini?"

Nikachukua daftari, nikalibana kwapani.

Foleni ilikuwa ndefu, tukasubiri zamu yetu. Tulipoingia, daktari akanyoosha mkono bila kuinua kichwa. "Leta buku," yaani daftari, kwetu kaye.

Sikuleta.

Mkono ukabaki hewani. "Buku, mama."

"Hapana, docta. Kaye iko na miye. Mugonjwa njo huyu. Mumuangalie ye kwanza, kisha muandike."

Mume wangu akanifinya. "Batatutosha ku liste!" akaninong'oneza. Yaani watatufuta kwenye orodha. Walio mlangoni wote wanatusikiliza kama redio.

Daktari akainua kichwa. Kijana tu, macho mekundu kwa uchovu. Kidogo nimwonee huruma.

Akamgeukia mume wangu, "Tata, una shida gani?"

Na huyu mtu, wakuu, akajibu, "Bien tu, docta." Mzima tena!

"Musimusikilize!" nikapiga kelele. "Haiko bien! Anawaka moto tangu siku sita! Papa, tosha mukono!"

Akautoa. Daktari alisimama kwa kasi mpaka kiti kikaanguka. Hakuandika kitu. Alimwita nesi, wakachoma ganzi, wakapasua, na ndani wakatoa kipande cha mwiba, urefu kama ukucha wangu. Malaria wakapima siku hiyo. Haikuwepo.

Akaniuliza kwa upole, "Mama, mbona hamkunionyesha tangu siku ya kwanza?"

"Docta, uliomba buku. Mukono hukuomba."

Akacheka kidogo, kisha akasema samahani. Alisema mbele ya watu, na hilo nampa heshima yake. Akatuambia turudi kila siku kwa sindano na kusafisha kidonda, na kila siku aliangalia mkono kwanza. Na orodha? Hakuna aliyetufuta.

Sasa mafunzo yangu. Salamu ikiisha, sema ugonjwa. Kidonda kionyeshe, adabu iweke nyumbani. Kama mgonjwa wako ni mtu wa "bien tu", ingia naye useme wewe. Na usimtukane daktari, sikumtukana. Nilishikilia daftari tu.

Baba Furaha amerudi ziwani. Ila kidole chake cha kati hakikunji tena, akishona wavu kinabaki kimenyooka chenyewe.

Watu wanamlaumu daktari, na kweli, yeye hakuangalia.

Lakini mimi ule mkono niliuona kila siku, nikasema eya mukwai. Mume wangu anasema niufute mstari huu. Siufuti.

Haya, na wewe uliyewahi kunyamaza mbele ya daktari, tuambie hapa chini ilikugharimu nini.