Kazi Aliyoikataa Mbithe

Mimi na Mbithe, wasichana wa rika moja, tulikulia Makongeni, katika nyumba za Reli, mlango wetu ukitazamana na wao. Baba yake, Mzee Maingi, aliunganisha mabehewa stesheni. Wangu alikuwa karani wa mizigo. Tulimaliza kidato cha nne mwaka mmoja, 1972. Mimi nikaingia benki. Mbithe akaajiriwa katika ofisi ndogo ya serikali iliyohifadhi mimea iliyokaushwa, kazi ambayo hakuna mtu pale mtaani aliyeielewa, hata baada ya kuelezwa mara tatu.

Mimea ililetwa kutoka kila pembe ya nchi, imebanwa kati ya kurasa za magazeti. Mbithe aliibandika juu ya karatasi ngumu, akashikiza vikonyo vinene kwa sindano na uzi, kisha akaandika jina, mahali ilipochumwa na tarehe. Nilikuwa nikimcheka kwamba anashonea majani nguo.

Katika mwaka wake wa tano aliona jambo. Karatasi mbili zilizobeba jina moja tangu enzi ya mkoloni zilikuwa na mimea miwili tofauti. Mmoja ulikuwa na vinyweleo chini ya jani, mwingine hauna, na mbegu zao hazikufanana. Alikaa na siri hiyo wiki tatu, maana yeye alikuwa na cheti cha sekondari tu, na mkubwa wake, Bwana Caleb, alikuwa na shahada. Alipomwambia, Caleb hakuamini. Akachukua kioo cha kukuzia, akatazama mpaka chai yake ikapoa, kisha akazituma karatasi zile kwa wataalamu ng'ambo. Jibu lilichukua miezi saba. Mbithe alikuwa amesema kweli.

Jioni ile alikuja kwetu, akaketi kitandani mwangu na kunieleza habari za vinyweleo kwa saa nzima. Hakuwa ameongezwa hata senti. Sikuelewa sana, lakini niliuona uso wake. Mimi nilikuwa nimepandishwa cheo mara mbili kule benki, na sidhani kama niliwahi kurudi nyumbani na uso wa namna ile.

Mapema mwaka wa 1978 alifika pale ofisini bwana mmoja, Johnson, meneja wa kampuni ya kuuza maua nje. Alitaka kujua ugonjwa uliokuwa ukila majani ya shamba lao. Caleb alimwita Mbithe, naye akamjibu papo hapo. Baada ya mwezi Johnson alirudi na barua. Kampuni ilimtaka Mbithe asimamie uchambuzi wa maua katika ghala lao la Embakasi, kwa mshahara mara nne ya aliokuwa akipata, pamoja na posho ya nyumba.

Barua hiyo ilikuja Mzee Maingi akikaribia kustaafu. Nyumba za Reli ni za mwenye kazi ya Reli. Kufika Julai, familia ilitakiwa iwe imetoka. Mzee alikuwa tayari kurudi kijijini kwao, Mbooni, lakini Makau, mdogo wake Mbithe, alikuwa kidato cha pili na lazima mama yao abaki naye mjini. Mama huyo, Kavata, alikuwa ameshakwenda Buruburu kuziangalia nyumba mpya. Alirudi na habari moja tu: mfereji wa maji ulikuwa ndani, jikoni. Kwa miaka ishirini na sita alikuwa akipanga foleni nje na ndoo.

Watu wakisimulia husahau kwamba Mbithe alikuwa amekubali. Alimwambia mama yake ndiyo, akamwambia Johnson ndiyo. Ilibaki kutia sahihi tu, ndipo akaalikwa aione kazi yenyewe.

Ghala lilikuwa safi na baridi. Wasichana walisimama mezani wakipanga maua ya karnesheni, rangi kwa rangi, urefu kwa urefu. Katika rundo moja Mbithe aliona ua lililochanganya nyeupe na nyekundu katika petali zile zile. Akaliinua.

"Hili limetokeaje?"

"Hutokea," Johnson akasema. "Tunatupa. Mteja anataka yote yafanane."

"Hakuna anayechunguza kwa nini?"

Johnson alimtazama kwa upole. "Dada, kazi yako itakuwa kuhakikisha halifiki kwenye sanduku."

Hakukosewa adabu, wala bwana yule hakusema uongo. Mbithe aliniambia baadaye kwamba ingekuwa rahisi zaidi kama Johnson angekuwa mtu mbaya.

Nyumbani alianza kwa baba yake, akamwambia hatatia sahihi. Mzee Maingi alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Miaka thelathini na moja nimeunganisha mabehewa. Sijawahi kutamani kufika kazini mapema. Wewe nakuona ukitoka hapa kabla ya jua. Lakini mimi naenda Mbooni. Mama yako ndiye atakayeishi na uamuzi wako, kwa hiyo mwambie mwenyewe."

Alimwambia. Mama Kavata hakupaza sauti. "Umechagua majani," akasema.

"Nimechagua kazi ninayoiwaza, Mama."

"Na mimi sikuwaza?"

Walihamia mtaa wa Huruma, vyumba viwili ghorofa ya tatu, maji yakitekwa chini. Kwa karibu mwaka mzima mama yake aliongea naye kuhusu chakula na karo tu. Mimi nilipopata nyumba Buruburu kwa mkopo wa benki, nilimkaribisha Mama Kavata. Aliingia jikoni, akafungua mfereji, akaacha maji yampite mikononi kwa muda mrefu. Sikumwambia Mbithe.

Mwaka wa 1984 njaa ilishika Ukambani. Siku moja dereva wa hospitali alileta ofisini mzizi na majani yaliyonyauka ndani ya gazeti. Watoto wa familia tatu walikuwa wamechimba mizizi wakala. Wawili walikuwa wamekufa, wengine walikuwa wakitetemeka. Daktari alitaka kujua walikula nini. Caleb alikuwa safarini. Mbithe alilowesha jani moja, akalinyoosha, akaenda moja kwa moja kwenye kabati alilolitaka. Kabla ya saa sita daktari alikuwa amepigiwa simu na kutajiwa mmea wenyewe. Watoto waliobaki walipona, na machifu wakaonya watu katika mabaraza. Lakini wale wawili hawakurudi, na Mbithe hakupenda kupongezwa.

Mama Kavata alizisikia habari hizo kanisani, kutoka kwa wengine. Wiki iliyofuata alivaa nguo yake ya Jumapili siku ya kazi, akamwambia Mbithe ampeleke ofisini kwake. Alipitia karatasi moja baada ya nyingine, akiitaja mimea kwa Kikamba. Kwenye mmoja akasimama: lebo ilisema unamea Kibwezi. Akasema Mbooni pia upo, kando ya kisima cha shangazi yake. Mbithe aliandika hivyo kwa penseli, na jina la mama yake chini.

Caleb alipostaafu, 1986, kiti chake alipewa kijana mwenye shahada, ambaye Mbithe mwenyewe alimfundisha kushika sindano. Usiku huo alilala kwangu. Nilimuuliza kama anajuta.

"Kila mwisho wa mwezi, Jecinta," akasema. "Siku mbili hivi. Halafu huletwa kifurushi kipya, nami nataka kujua kuna nini ndani."

Asubuhi alikunywa chai akiwa amesimama. Kulikuwa na mimea kutoka Marsabit ambayo haikuwa imefunguliwa bado.