Mashati Meupe Tuliyovaa Kwenda Ukweni

Siku ile naikumbuka mpaka harufu yake: kitunguu saumu, giligilani, na jasho la wanaume wenye mashati meupe waliobanana kwenye ngazi za nyumba moja Walthamstow, hapa London. Mashati yale niliwavalisha mimi. Kaa vizuri, Nekesa mwanangu, na hiyo simu iweke kando kidogo. Jana uliponiuliza vyama vya siasa vya kwao mama yako kule Jamhuri ya Dominika vinatofautiana vipi, nilitaka kukujibu kwa mkato. Halafu baba yako akaniambia umejitoa kwenye kundi la familia la simuni kwa sababu ya maneno ya mjomba wako Ramón, na umeapa kwamba Jumapili hii hukanyagi kwa nyanya yako. Nikaona jibu la mkato halitoshi.

Wakati huo mimi na baba yako tulikuwa tumepanga chumba kimoja Ilford. Yeye Barasa, Mbukusu wa Bungoma, mimi Mkamba niliyekulia Nakuru, na kitu pekee tulichogombania ni nani ataosha sufuria ya ugali. Baba yako alikuwa akihudumia wakongwe katika nyumba ya wazee, na humo ndimo alimokutana na Milagros, mama yako. Wakapendana, wakakubaliana. Lakini sisi watu wa kwetu hatuchukui msichana wa watu kimyakimya. Lazima wazee waende, wajitambulishe, msemaji asimame aseme. Hapa London wazee hatukuwa nao, basi msemaji nikawa mimi, kijana mwenye mdomo usiojua kupumzika.

Nikajitayarisha, tena sana. Mama yako alikuwa amemdokezea baba yako kwamba babu yako, marehemu Mzee Eusebio, ni mfuasi wa chama cheupe tangu ujana wake. Kwao vyama watu huvitaja kwa rangi, na siku hizo vikubwa vilikuwa vitatu: cheupe, chekundu na cha zambarau. Uchaguzi wao ulikuwa umekaribia. Mimi kusikia hivyo, nikaona kazi imekwisha! Kwetu Nakuru, ukishajua mwenye nyumba anampigia nani, umeshajua mke, watoto na hata mpangaji. Jina lako tu lilitosha kumwambia mtu kura yako, na kuna miaka jina hilo lilitosha kumfanya jirani akufukuze kwako. Kwa hiyo nikawaza, tukiingia kwa rangi ya mzee, binti ni wetu. Nikawaagiza rafiki zetu wote wa kutusindikiza wavae mashati meupe. Hata blanketi la kumpa mama mkwe nilichagua jeupe pe.

Nyanya yako Altagracia ndiye aliyefungua mlango. Akatutazama kuanzia wa kwanza mpaka wa mwisho kule chini kwenye ngazi, akatupisha tuingie. Sebuleni tulimkuta Mzee Eusebio, mjomba wako Ramón ambaye alikuwa kijana mwembamba, si kama unavyomwona leo, na Mzee Fermín, kaka yake nyanya yako. Nikasimama. Nikamsifu binti, nikayasifu malezi yake, na mama yako akawa anatafsiri kwa Kihispania huku akitabasamu. Ningekaa chini hapo, ningekuwa nimejiheshimu. Lakini mimi nikaongeza kwamba hata sisi ni watu wa cheupe, na kwamba hao wa zambarau safari hii watajuta kuzaliwa.

Mama yako akaacha kutabasamu. Akaniuliza polepole, "Una hakika unataka niseme hilo?"

"Sema," nikamwambia. Kiburi nacho!

Akasema. Mzee Eusebio akapiga makofi, yuko peke yake, halafu akamwona mkewe akayaacha makofi hewani. Mzee Fermín akaugeukia ukuta. Nyanya yako akaniuliza swali ambalo sikuhitaji mkalimani kujua ni la hasira: "Nyinyi mmekuja kuposa au mmekuja kufanya kampeni?" Kisha akatamka kwamba binti yake hatoki kwenda kwa watu wanaopima nyumba kwa rangi ya mwenye nyumba. Baba yako akainamisha kichwa. Mwanangu, namjua baba yako, si mtu wa machozi, lakini siku ile nilimwona akifuta macho kwa mkono wa lile shati nililomvalisha. Niliumia sana.

Nyanya yako akaniita jikoni, mama yako akitufuata kututafsiria. Akanipa kisu na ndizi mbichi nimenye, tena akanisahihisha jinsi ninavyomenya. Akaniuliza kama najua vyama vyao vinatofautiana vipi. Nikaanza kukariri niliyoyasoma, kwamba hiki ni cha wafanyakazi, kile cha wasomi. Akacheka kicheko kikavu.

"Mimi ni wa zambarau," akasema. "Mume wangu ni cheupe. Kaka yangu ni chekundu. Na sufuria ni hii moja."

Ndipo akanieleza, na nisikufiche, hakuna kitabu kilichowahi kunieleza vizuri hivyo. Chekundu kilikuwa chama cha mzee aliyetawala miaka mingi kwa mkono mzito. Alijenga barabara na mabwawa, na waliompinga walifungwa au wakapotea. Cheupe kilikuwa chama cha hao waliompinga, watu waliorudi kutoka uhamishoni na ahadi kubwa kwa maskini. Na zambarau? Zambarau ilitoka tumboni mwa cheupe. Mwanzilishi mmoja wa cheupe alikichoka chama chake, akasema kimeoza, akaondoka akaanzisha kingine, ambacho mtu hakuweza kuwa mwanachama kabla hajakaa chini kusoma na kujadiliana na wenzake. Nyanya yako alikuwa msichana mshonaji asiye na shule ya maana, na kukaa kwenye duara na walimu wakamwuliza "wewe unaonaje?" kulimteka moyo mpaka leo. Halafu miaka ikapita, zambarau na chekundu, waliokuwa maadui, wakashikana mikono ili kukizuia cheupe kisiingie madarakani. "Mume wangu aligoma kula chakula changu," akasema. "Akawa anajikaangia mayai. Na kuyakaanga hajui!"

Nikamwuliza, sasa mama, tofauti ni nini hasa? Kwa maana kama wanatokana, wanaungana na wanaachana hivi, mtu atavijuaje?

Akaniambia wakisimama jukwaani wote wanaahidi mambo yaleyale, ajira, umeme, maji. Ukitaka kuijua tofauti, usiulize chama kinasema nini peke yake. Muulize mtu alitumaini nini alipojiunga nacho, na alipata nini au alipoteza nini. Kisha akanifuta mikono kwa kitambaa, kama mtoto, akanirudisha sebuleni nikaulize.

Basi nikauliza, aibu ikiwa imenijaa mpaka shingoni. Mzee Eusebio akavuta mkono wa shati, akatuonyesha kovu la pingu la enzi za chekundu. Akasema cheupe kilimwangusha mara nyingi kilipopata serikali, lakini yeye hawezi kuwaacha watu aliofungwa nao. Mzee Fermín, wa chekundu, akasema kijijini kwao mama yao alikuwa akiteka maji mbali sana mpaka mfereji ulipoletwa, na aliyeuleta alikuwa yule yule aliyemfunga shemeji yake. "Ninajua," akasema akimtazama Mzee Eusebio. "Ninajua, ndugu. Lakini maji niliyanywa." Mzee Eusebio akaitikia kwa kichwa tu. Ramón akasema yeye hana chama, kwa sababu vyote vitatu vilimwacha apande ndege kuja kuosha vyombo London.

Halafu nyanya yako akatugeuzia kibao. Akamwuliza baba yako, "Na huyu rafiki yako, kwenu anampigia nani?"

Baba yako akanitazama. Hakujua. Nyanya yako akaniuliza mimi kuhusu baba yako, nami sikujua. Tulikuwa tunalala chumba kimoja, tunakula sahani moja, na hatukuwahi kuulizana, kwa sababu kila mmoja alidhani jina la mwenzake limeshamjibu. Tulikuwa tunaogopana, mwanangu. Pale pale, mbele ya wakwe, tukaambiana kwa mara ya kwanza, na kumbe wote wawili tulikuwa tumekosea. Baba yako akaanza kucheka, mimi nikaanza kulia. Nikawasimulia jinsi baba yangu alivyofungasha nyumba nzima kwa sababu ya jina letu, na jirani aliyekuwa akituazima chumvi akasimama pembeni akitazama.

Nyanya yako akainuka. Akaenda jikoni, akarudi na ile sufuria moja ya supu ya nyama na ndizi, akampakulia baba yako wa kwanza. Mama yako hakuhitaji kututafsiria hilo. Lile blanketi jeupe alilipokea pia, na baadaye akalitia rangi ya zambarau, ndilo ulilofunikwa ulipokuwa mchanga.

Sasa turudi kwako. Tangu siku hiyo cheupe kimegawanyika tena, viongozi wakagombana, kikazaliwa cha buluu. Zambarau nayo ikagombana juu ya nani awe mgombea, kikazaliwa cha kijani. Mama yako amefuata kijani, Ramón hatimaye amepata chama, ni buluu, na nyanya yako na umri wake wote bado ni zambarau. Wewe umefikisha umri wa kupiga kura ya kwao mama yako, na Ramón amekuambia kwenye kundi kwamba mtoto wa London hajui kitu. Amekosea, na nitamwambia mwenyewe. Lakini na wewe ulimjibu kwamba watu wa buluu wote ni walewale. Hayo ni maneno yangu ya siku ile, mwanangu, ila wewe umeyasema kwa Kiingereza kizuri.

Nasaha yangu ni hii. Soma ilani zao, ndiyo, ufahamu nani alifanya nini alipopewa nchi, na kura yako uipige unavyoona wewe, usiazime ya mama yako wala ya mjomba. Lakini usidhani ukishajua rangi ya mtu umemjua mtu. Jumapili nenda. Kaa karibu na Ramón, umwulize alitumaini nini alipoingia buluu, yeye aliyekuwa hataki chama chochote. Muulize kisha unyamaze, maana najua mdomo wako unafanana na wangu. Hata usipokubaliana naye, mle pamoja.

Mungu akulinde njiani na akupe sikio pana kuliko langu la ujana. Akujalie meza isiyopungua kiti hata watu wake wakipigia kura pande zote. Nenda, Nekesa. Nyanya yako haoni vizuri siku hizi, hatajua umevaa rangi gani. Atakachojua ni kama umekuja.