Mafuta ya papa ilifunga maduka

Juzi, mbele ya guichet, kadirisha ya kupokelea majibu, ya laboratoire moja ya Butembo, nilikuwa nangojea majibu yangu. Karibu yangu, papa moja, muzee, alikuwa anacheka mu pijama ya hospitali. Crise ya moyo, moyo kukwama gafla, ilimuangusha ile wiki, na bibi yake alikuwa angali anamushika mukono. Laborantine, mama mwenye kupima damu, alikuwa amemuambia kama mafuta mu damu yake iko chini.

Papa akatosha kichwa mu dirisha ya barabara, akaita muuza brochettes, mishikaki: "Lete ya ngulube, mbili! Nilishapona!"

"Ngoja, papa," laborantine akasema. "Kisha crise, ma protéines zenye zinabebaka mafuta mu damu zinashukaka zenyewe. Kisha zinapanda tena. Leo zinakudanganya, utarudia kupima kisha myezi mbili."

"Lakini zimeshuka! Si njo mulikuwa munataka?"

Bibi yake akatikisa kichwa. "Papa wa batoto, siku ya ville morte, ile mugomo wakati batu banafungaka kila kitu ju ya kuogopa fujo, unaonaka hata muuza nyanya mu soko? Njo kusema Butembo imehama? Mafuta yako imeogopa fujo ya moyo yako, imefunga maduka. Kesho itafungua."

Tukacheka bote. Brochettes zikafika. Papa akaziangalia, akaangalia bibi yake, kisha akanipa zote mbili.

"Kamata, petit, weye ungali kijana. Moyo yako haiyaleta fujo bado."

Nilikula, siwafichi. Lakini sasa, kitu ikitulia gafla huku kwetu, najiulizaka kwanza: ni amani, ao ni ville morte?