Fundi Aliyegoma Kutupa Wimbo Wetu

Fundi wa sauti wa mtaa wetu wa Jericho, hapa Eastlands, amefariki. Habari zilinifikia asubuhi kupitia kundi la simu la wakazi wa mtaa, na kabla sijamaliza kusikitika nilikuwa nimekwisha kukasirika. Aliyeandika tanzia alisema marehemu "alijitahidi licha ya ulemavu wake", na nyuma yake wakafuatana wengine wakimwita maskini wa Mungu. Wasomaji wangu mtaniwia radhi, leo sitaandika kwa upole. Wahenga walisema mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni. Mimi nasema mtu huyu hakuwa mnyonge hata siku moja, na haki yake nitaidai hapa hapa.

Ni kweli sikio lake la kushoto lilikuwa limekufa. Maradhi yalimpata akiwa mtu mzima, fundi mitambo mwenye jina katika studio moja ya mjini, na alipopona akakuta upande mmoja wa dunia umenyamaza. Wakubwa wake walimwonea huruma, wakamwondoa kwenye mitambo na kumpa kazi ya kukunja nyaya. Alizikunja kwa muda, kisha akaaga. Alipanga chumba karibu na soko la Jericho, akabandika magodoro ukutani kuzuia kelele za wauza mboga, akaweka spika zake mbili za studio mezani, akaanza upya. Muziki wa stirio hugawanywa, gitaa huku na ngoma kule, na mwenye sikio moja hawezi kujua kipi kiko wapi. Hakulificha jambo hilo. Alimwita mkewe, aliyekuwa akishona nguo chumba cha pili. "Mama watoto, gitaa liko wapi?" "Kushoto, karibu na dirisha." "Na kayamba?" "Hilo linanichoma sikio la kulia." "Basi nalipunguza." Ndivyo walivyofanya kazi, bila aibu, mbele ya wateja. Kijana mmoja wa mtaa aliwahi kumwita Sikio Moja mbele ya watu. Fundi akamjibu, "Lakini linanitosha kusikia upuuzi wako."

Kulikuwa na hatua moja ambayo hakuiruka kamwe. Kabla ya kuitoa kazi yoyote, aliziunganisha sauti za kulia na kushoto ziwe kitu kimoja, yaani mono, akazima spika moja, kisha akasikiliza upya kuanzia mwanzo. Alinieleza kwamba kuna sauti zinazopendeza zikiwa zimetengana, lakini ukizikutanisha zinafutana, na msikilizaji hajui kilichopotea. Mwaka jana niliiona maana ya maneno hayo kwa macho yangu. Wakubwa fulani walikuwa wanakuja kwenye ukumbi wa mtaa jirani wa Kaloleni kutueleza jinsi nyumba zetu zitakavyobomolewa ili maghorofa yajengwe. Mimi nilikuwa katika kamati ya wakazi. Tuliamua wageni wapokewe kwa wimbo wa kikundi cha akina mama, na kiongozi wa sauti awe bibi mmoja, mjane wa mfanyakazi wa reli, aliyezaliwa katika nyumba hizo hizo. Kifua chake kilikuwa kibovu na hakuweza tena kuimba mbele ya umati, ndiyo maana tukarekodi. Akina mama walitaka sauti yake iwe kubwa, ijae chumba kizima, na fundi akaipanua kwa mitambo mpaka ikawa kama inatoka kila pembe. Mkewe akasema ni nzuri. Sote tukapiga makofi.

Asubuhi ya mkutano tulikwenda kuuchukua wimbo, mimi, yule bibi na mwenyekiti wa kikundi, mama mwenye maneno makali. Tulimkuta fundi ameinamia spika moja, uso umemkunjamana.

"Sitoi," alisema. "Hii kazi nimeiharibu mwenyewe. Sikilizeni."

Akabonyeza kitufe. Gitaa likaja, ngoma ikaja, waitikiaji wakaja. Sauti ya bibi ilikuwa karibu imekwisha kabisa, imebaki kama mtu anayeongea nyuma ya ukuta.

"Si uwashe zile spika mbili kama jana!" mwenyekiti alifoka. "Wageni wanafika mchana. Nani atajua?"

"Pale ukumbini kuna spika ngapi?"

"Moja. Ile ya juu ya mlango."

"Basi mama huyu hatasikika. Sitamnyamazisha mimi kabla ya hao wakubwa kujaribu."

Mwenyekiti alisema fundi anatuhujumu, na mimi nikamwambia tunachelewa. Hakutusikiliza sote wawili. Yule bibi ndiye aliyevuta kigoda, akaketi kando yake na kusema, "Fanya, mwanangu. Nimengoja maisha yangu yote kuulizwa, nitashindwa kungoja kidogo?" Fundi akaondoa mapambo yote aliyoweka, akairudisha sauti katikati, kavu, pamoja na mikwaruzo yake. Tulifika ukumbini wageni wakiwa wamekwisha kuketi.

Wimbo ulipoanza, sauti ya bibi ilishuka kutoka juu ya mlango ikiuliza nani amewauliza waliozaliwa humu. Watu wakainuka na kuitikia. Mgeni mkuu alipotaka wanaokubali mpango wainue mikono, haukuinuka hata mmoja, na walirudi na michoro yao. Mpango haujafutwa, tusidanganyane, lakini nyumba bado zimesimama na sisi bado tumo ndani. Nilimtafuta fundi nimshukuru, nikamkuta nyuma kabisa, sikio lake zima limeelekea spika. "Ngoma ingepanda kidogo," akasema.

Huyo ndiye mtu anayeliliwa leo kwa huruma. Huruma ndiyo iliyompeleka kwenye nyaya, na wapo wengi mitaani kwetu wanaokunjishwa nyaya hivi sasa na watu wanaowapenda. Kwa hao naandika. Msisubiri kuruhusiwa kuwa mafundi. Pigeni kazi yenu, muikague kwa jicho la adui, na mkiona imepungua, ibomoeni wenyewe kabla hajaibomoa mwingine. Akija mtu wa kuwaambia kwamba watu wa Eastlands hawatajua tofauti, mwambieni akae pembeni mpaka mmalize.