Mpiga video aliyezima taa Sangailu

Saa sita mchana jua la Sangailu, kaunti ya Garissa, linachoma, lakini ndani ya aqal, nyumba ya mikeka aliyojengewa bibi harusi, ni giza tupu. Wanawake wanapiga ngoma na kughani buraanbur, mashairi yao ya harusi. Samsam Yarrow, 29, amepiga magoti katikati yao, kamkoda mkononi, taa yake imezimwa.

Huku ni upande wa wanawake. Mwanamume haingii, na hata mwandishi huyu, ingawa ni mwanamke, ameamriwa azime simu. Samsam naye haondoki na picha: kadi ya kamera humkabidhi mama wa bibi harusi kabla hata ya kuonja pilau.

Mama huyo, Saynab, ana sababu ya kumkodolea macho. Mwaka jana Samsam alirekodi harusi ya binti yake wa kwanza, akaiharibu.

"Niliwasha taa ya kamera," anasema bila kujitetea. "Wamama wote wakafunika uso na mtandio. Masaa mbili, mitandio tu! Hata bibi harusi haonekani."

Habari zilienea hadi Garissa mjini. Oda zake saba za kurekodi harusi zikafutwa. Alimbembeleza Saynab miezi minne ampe nafasi nyingine, na leo akiboronga, kazi yake imekwisha.

Miezi hiyo hakukaa bure. Aliziba madirisha ya chumba chake kwa blanketi, akawa anamrekodi dada yake Hinda akikanda unga. Aligundua kwamba akivuta picha kutoka mbali, giza linazidi; lazima asogee karibu. Akiiachia kamera ijiamulie mwanga, picha inajaa chenga. Sasa anaurekebisha mwenyewe.

"Eddo, naomba huu mkeka mmoja tu," anamwambia Saynab kwa heshima ya shangazi.

Mkeka wa upande usio na wanaume unakunjwa nusu. Mwanga laini unaingia, na wachezaji wanaugeukia wenyewe. Hakuna anayejifunika.

Ngoma ikinyamaza, Saynab anainamia kioo kidogo cha kamera. Anamwona mama yake mzazi, Rukiyo, mwenye miaka themanini, akicheza uso wazi na kucheka.

"Wallahi, ni hooyo huyu! Mama yangu!" anapaza sauti, na vigelegele vinapasua mikeka. "Abaayo, dada yangu, umeweza!"

Samsam analia kwa furaha, wala hajali nani anamwona.

Sasa anataka kufungua darasa Garissa, kwa kuwa hata katika miji ya Mandera na Diff wanawake wanatafuta wapiga video wa kike.

"Siku ya kwanza, taa zao zote nafungia kwa sanduku," anasema. "Wasichana wajifunze kwanza kukaa karibu na watu."