Namba 1004 Haina Jina

Alifanya kazi masjala miaka thelathini na moja, katika chumba cha mwisho cha korido, ambako hakuna jalada lililotoka bila sahihi wala kurudi bila kuulizwa lilikuwa wapi. Mkurugenzi mmoja aliwahi kumwomba jalada kwa mdomo, kwa haraka. Alimpa fomu na kalamu, naye mkurugenzi akajaza. Tangu siku hiyo wakamwita Bi Masjala, na alipostaafu aliondoka na jina hilo pamoja na saa ya ukutani aliyozawadiwa na wenzake.

Kwa hiyo mwanawe alipowanunulia seva ya nyumbani, kisanduku cheusi chenye ukubwa wa mkate kilichowekwa chini ya meza ya televisheni ili familia nzima ihifadhi humo picha na nyaraka zake, hakuna aliyeuliza nani awe msimamizi. Bi Masjala alifundishwa kwa siku mbili, kisha akafungua daftari. Safu ya kwanza tarehe, ya pili saa, ya tatu jina, ya nne ruhusa: kusoma, kuandika, kufuta. Ya mwisho, sababu. Mumewe, dereva mstaafu, alipewa kusoma tu. Sababu: "Anabonyeza ovyo."

Jumatano moja Bi Masjala alitaka kufungua folda iitwayo Mama. Humo mlikuwa na sauti ya marehemu mama yake, dakika kumi na moja, aliyoirekodi mdogo wake. Nakala nyingine haikuwepo. Simu iliyorekodi ilishatumbukia kwenye ndoo ya maji. Jumapili angekuja mama yao mkubwa, dada wa marehemu, ambaye wakati wa maziko alikuwa kitandani anaumwa. Bibi huyo aliomba jambo moja tu: amsikie mdogo wake.

Folda ikakataa kufunguka. Kwenye nafasi ya mwenye folda palisomeka: mtumiaji asiyejulikana, 1004.

"Wewe ndiye elfu moja na nne?" alimuuliza mumewe.

"Mimi ni mume wako."

"Sijauliza hilo."

Alibadilisha maneno ya siri ya watu wote. Akachomoa waya, akahesabu hadi sitini, akauchomeka tena. 1004 hakutikisika; alikaa kama mgeni aliyemaliza chai lakini hajamaliza maneno.

Alhamisi alikuja fundi wa kompyuta. Alivua viatu, akaketi sakafuni mbele ya kisanduku, akatazama kwa muda.

"Mama, huyu si mwizi. Ni mtu wa humu humu, ila alifutwa. Mashine haimjui mtu kwa jina, inamjua kwa namba. Ukifuta jina, vitu vyake vinabaki vyake."

Bi Masjala alifunua daftari, ingawa hakuhitaji kulifunua. Mstari ulikuwepo, miezi minane nyuma, saa tatu na dakika kumi asubuhi: "Mdogo wangu. Kafutwa. Sababu: maneno."

Mama yao alipokata roho wodini, Bi Masjala alitazama saa, akaiandika daftarini, akafunika kalamu. Ndipo machozi yakaja. Baadaye, sebuleni, mbele ya mawifi na wageni, mdogo wake akasema, "Dada yangu alimwandika mama kabla ya kumlilia." Watu wakacheka kidogo, kicheko kile cha msibani.  Kesho yake Bi Masjala akamfuta.

"Mbona rahisi," fundi alisema. "Nabonyeza hapa, folda inakuwa yako."

"Jalada halinyakuliwi, baba. Linakabidhiwa."

"Basi nimtengenezee jina lake upya."

"Ndiyo."

"Lakini lazima nimpe namba yake ile ile. Nikimpa mpya, folda itamkana."

"Mpe yake. Neno la siri atakuja kuweka mwenyewe."

Fundi alipoondoka, Bi Masjala alipiga simu. Iliita mpaka karibu ikate.

"Nani mwenzangu?"

"Unanijua."

"Namba yako niliifuta."

"Na mimi nilikufuta."

"Basi tuko sawa. Unasemaje?" Nyuma yake kitoto kichanga kililia; mdogo wake alikuwa mkunga, na alikuwa kazini.

"Mama mkubwa anakuja Jumapili. Anataka kumsikia mama."

"Si wewe ndiye msimamizi? Fungua."

"Kuvunja naweza. Sitaki kuvunja."

 Kitoto kilinyamaza.

"Jumamosi natoka zamu saa nane," mkunga akasema, akakata.

Alikuja na sare yake ya kazi, akamsalimia shemeji yake kwanza. Aliandika neno la siri huku amekinga kibodi kwa kiganja, na dada yake akageuka kutazama ukuta, kama kanuni inavyotaka. Maneno "mtumiaji asiyejulikana" yakatoka, likaja jina.

"Nikupe ruhusa gani?" mkunga aliuliza.

"Kusoma."

"Na kuandika?"

"Ukipenda."

"Kufuta sikupi."

"Sijaomba."

Sauti ilianza kwa mikwaruzo, kisha mama yao akakohoa. "Umewasha? Mbona haiwaki taa? Haya. Dada yako yuko wapi? Mwite aje na daftari lake. Ninyi wengine nikiwaambia mnasahau, yule ataandika." Kisha akaanza habari za bibi yao, aliyezaliwa mwaka wa nzige.

"Hapo pa daftari nilikuwa nimepasahau," mkunga alisema.

 Kalamu ilikuwa mezani, umbali wa shubiri moja, na mikono ya Bi Masjala ilikuwa usoni. Mumewe aliuliza kwa upole kama kusikiliza kunahesabiwa kusoma. Kisha akavuta kiti.

Mkunga ndiye aliyevuta daftari, akaandika kwa mwandiko wake wa kulala: "Mimi. Karudishwa. Kusoma, kuandika, kufuta. Sababu: mama kauliza."

Jumapili mama mkubwa alisikiliza dakika zote kumi na moja, mkono sikioni, akimjibu mdogo wake kila alipouliza. Alipofika kwenye nzige alisema, "Mwongo, ilikuwa mwaka uliofuata," akaomba irudiwe.

Katika mstari ule wa Jumamosi, safu ya saa iko wazi. Bi Masjala ameiona. Hajaijaza.