Nilitumwa Ngara kuandika veranda ya jengo la serikali izibwe, nikaishia kulitetea

Wakuu, salaam kwenu nyote, mlioko kazini na mlioko vijiweni.

Haya nimeyaona kwa macho yangu na kuyapima kwa tepu yangu mwenyewe. Anayetafuta chumvi atafute uzi mwingine.

Mimi ni fundi sanifu majengo, mzaliwa wa Nyamigogo, Biharamulo. Wakati huo nilikuwa na mkataba kwa mkandarasi mmoja, tumwite Injinia. Akaniita ofisini, akasema kuna ofisi ya serikali pale Ngara mjini (idara sitaitaja) paa linavuja na wanataka ushauri.

"Nenda kapime. Andika veranda izibwe kwa alumini na vioo, juu tupige bati, ndani tufunge AC. Ripoti ni formality tu."

Nikaondoka na jibu tayari mfukoni.

Siku ya kwanza nililidharau lile jengo, siwafichi. Box la zege, paa bapa, kuta zina weusi wa ukungu, hakuna urembo wowote. Nikajisemea, hivi mchoraji alikuwa na haraka gani?

Mlangoni nikakutana na mama wa masijala, Mama Generoza, mtu mzima anayekaribia kustaafu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Ndiyo wewe umekuja kutubomolea?"

Nikacheka. Yeye hakucheka.

Nikaanza kupima. Wakuu, kupima jengo ni kama kumsikiliza mtu. Ukitulia, utasikia ambayo hukuyatarajia.

Kwanza, halikuukata mlima. Mnajua Ngara ilivyo, mji uko juu ya kilima. Jengo linashuka nao kwa hatua tatu, kila hatua na ngazi zake fupi, kiasi kwamba bibi wa miaka themanini anafika chini bila kuhema.

Pili, pande mbili ndefu zinatazama kaskazini na kusini. Mashariki na magharibi, jua linakochoma, ni ukuta mtupu. Nje ya madirisha kuna vipande vya zege vilivyosimama wima, vimepangwa kama kurasa za kitabu kilichofunguliwa. Mwanga unapita, jua kali linabaki nje.

Kuta za korido ni matofali ya matundu. Mimi nilidhani ni pambo. Kumbe ndiyo mapafu ya jengo.

Saa nne umeme ukakatika. Nikasubiri kelele. Hakuna hata aliyeinua kichwa! Watu waliendelea kuandika, mwanga unatosha, hewa inapita.

Hapo jibu langu la mfukoni likaanza kunichoma.

Siku ya pili ndiyo iliyonimaliza.

Ile veranda ina benchi refu la zege, limejengwa pamoja na ukuta kutoka mwanzo hadi mwisho. Asubuhi walikuja ndugu wawili kutoka Bugarama, wanagombania mpaka wa shamba la migomba. Mkubwa akakaa mwisho huu, mdogo mwisho ule. Kila mmoja na bahasha yake, hawatazamani.

Mchana ikashuka mvua ya mawe. Watu wote wa barabarani wakakimbilia pale: bodaboda, wauza nyanya, mama mwenye mtoto mgongoni. Benchi likajaa, wale ndugu wakasukumwa taratibu kuelekea katikati mpaka mabega yakagusana.

Nilikuwa nimechuchumaa karibu yao na daftari. Upepo ukawa unamrushia mkubwa maji ya mvua. Halafu mdogo akasema, bila kumtazama mwenzake:

"Kaka, sogea huku. Unalowa."

Mkubwa akasogea. Kisha naye akauliza:

"Mguu wa mama unaendeleaje?"

"Bado anachechemea. Anakuuliziaga kila siku."

Yule mkubwa akainamisha kichwa. Bahasha akaiweka chini ya paja.

Walipoitwa wakaingia pamoja. Hawakumaliza ugomvi wote, nisiwadanganye. Ila waliomba afisa mmoja aende nao shambani, wapande miti ya mpaka wote wakiwepo.

Mama Generoza alikuwa ananiangalia.

"Hapa tunaonaga hivi mara nyingi. Watu wakikaa pamoja, hasira inachoka. Halafu wewe unataka kuwawekea kioo na namba za foleni."

Nikafunga daftari.

Nikapanda juu ya paa. Kuvuja kulikuwa na sababu moja ya aibu: mabomba ya kushushia maji yalikuwa yamejaa majani, na mawili yalikuwa yamezibwa kabisa kwa saruji na fundi fulani wa zamani. Maji yangeenda wapi?

Nikampigia Injinia, nikamwambia veranda isiguswe.

"Nimekutuma kupima au kuhubiri?"

"Nimepima, bosi. Ndiyo maana nasema."

Akakata simu.

Kikao cha ofisi ile cha kuamua matengenezo kilikuwa Ijumaa, na Injinia alikuja. Nina mke na watoto wawili na mkataba ulikuwa ukingoni. Badala ya kusoma ripoti, nikawaomba wajumbe wanifuate hadi chumba cha mwisho wa korido, ambacho kiliwahi kuzibwa kwa alumini na vioo. Siku hizi ni stoo, hakuna anayekubali kukaa mle. Ilikuwa saa tisa, jua limewaka.

Tukaingia, nikafunga mlango. Nikaanza kueleza taratibu, kwa makusudi.

Hatukumaliza dakika tano. Mwenyekiti akafungua mlango mwenyewe, anajifuta jasho. "Kijana, tumekuelewa."

Veranda ikabaki. Mabomba yakazibuliwa, paa likapakwa dawa ya kuzuia maji, kuta zikapigwa rangi. Basi.

Injinia hakuniongezea mkataba. Iliniuma, na miezi miwili ya mwanzo nyumbani ilikuwa migumu. Sasa nachora nyumba za watu mwenyewe, nakula kwa jasho langu.

Kabla sijaondoka, Mama Generoza alinitolea ramani ya awali kutoka kabatini. Pembeni, penye jina la mchoraji, mchwa walishakula. Lakini kwenye mchoro wa lile benchi kuna maneno ya penseli, mwandiko mdogo uliotulia: "Watu wanatoka mbali."

Nilikaa nayo muda mrefu ile karatasi.

Nilichojifunza: usilihukumu jengo kwa kulitazama barabarani. Kaa ndani yake siku mbili, uone linawatendea watu nini.

Karibuni mchangie, hata mnaodhani nilikosea kazi. Na kama kuna mwenye baba au babu aliyewahi kuchora majengo ya serikali huku kwetu Kagera, tafadhali amuulize kuhusu Ngara. Mchoraji wa jengo lile ananidai shikamoo.